Tumaini Lote Lilipokatika

Somo la kusoma: Matendo ya Mitume 27:9–44
Mstari wa kushika moyoni: Matendo 27:25



Wiki hii tunakaa katika mlango mmoja tu, Matendo 27. Kabla hujaendelea na somo hili, chukua Biblia yako uusome wote, hata kama ni polepole. Wengi wetu huwa tunauruka kwa sababu umejaa majina ya bandari na habari za upepo na matanga. Lakini katikati yake kuna mstari wa 20. Hapo Luka anaeleza kwamba walikaa siku nyingi bila kuona jua wala nyota, dhoruba haikupungua, na mwishowe hawakubaki na tumaini lolote la kuokoka.

Sasa angalia huyu Luka anavyoandika. Hasemi kwamba mabaharia peke yao walikata tamaa. Hasemi ni wale wapagani waliokuwa melini. Anajihesabu na yeye. Luka alikuwa ndani ya meli ile, na Aristarko wa Thesalonike alikuwa ndani, na mtume Paulo alikuwa ndani. Na malaika alipomjia Paulo usiku, jambo la kwanza alilomwambia ni asiogope (mstari wa 24). Mtu haambiwi asiogope kama haogopi.

Basi kama umefika mahali ukasema, "Hapa mimi sioni njia," usifikiri umeacha wokovu. Wako wapendwa kanisani wanaogopa kusema kwamba wamechoka, maana wataambiwa hawana imani. Kila Jumapili wanajibu "niko salama" na wanarudi nyumbani na mzigo ule ule. Luka alikuwa na imani, na bado aliandika ukweli. Tuanzie hapo.

1. Dhoruba nyingine huletwa na uamuzi wa watu wengine

Paulo alikuwa mfungwa, anapelekwa Rumi kuhukumiwa mbele ya Kaisari. Aliyemsimamia ni akida mmoja jina lake Yulio. Walipofika mahali panapoitwa Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Krete, siku ya mfungo wa Wayahudi ilikuwa imekwisha kupita. Maana yake majira ya baridi yalikuwa yanakaribia, na kusafiri baharini kulikuwa hatari. Paulo akawaonya. Na Paulo hakuwa mgeni wa bahari. Katika 2 Wakorintho 11:25, barua aliyoiandika kabla ya safari hii, anasema alikuwa amekwisha kuvunjikiwa na meli mara 3.

Lakini akida akamsikiliza nahodha na mwenye meli. Bandari ile haikuwafaa kukaa wakati wa baridi, na wengi wakaona heri waondoke. Upepo wa kusini ukavuma kidogo, mzuri kabisa, wakaona mambo yamekubali. Wakang'oa nanga. Haukupita muda mrefu, upepo mkali unaoitwa Eurakilo ukawashukia kutoka kisiwani.

Sikiliza, mpendwa. Paulo hakukosea. Alionya, akapuuzwa, na bado akalowa maji pamoja na wale waliompuuza. Hebu fikiria ni wangapi kati yetu tuko hapo. Baba aliweka hati ya shamba kama dhamana ya mkopo bila kumwambia mama, sasa dalali yuko mlangoni na mama ndiye analia. Bosi aliiendesha kampuni vibaya, na aliyekuwa anafika kazini saa kumi na mbili asubuhi ndiye amepoteza kazi. Kijana aliingia katika pombe, na mzazi aliyemfundisha Neno tangu utotoni ndiye halali usiku.

Unauliza, "Mungu, mimi nilifanya nini?" Pengine hukufanya lolote. Mungu hakumtoa Paulo katika meli ile ili wenye makosa wabaki peke yao. Alimtembelea humo humo ndani.

Na tujifunze pia jinsi Paulo alivyosema katika mstari wa 21. Aliwakumbusha kwamba wangemsikiliza wasingepata hasara hiyo. Alisema mara moja tu, halafu mara hiyo hiyo akawaambia wachangamke. Sisi wengine "si nilikuambia" tunaisema asubuhi, mchana na jioni, mpaka aliyekosea hana nguvu hata ya kutubu. Seme mara moja, kisha mpe mwenzako neno la uzima.

2. Ahadi ilikuwa ya watu, haikuwa ya meli

Katika mstari wa 22 Paulo anawaambia kwamba hakuna hata mmoja wao atakayepoteza maisha, ila meli itapotea. Rudia kuusoma mstari huo. Meli itapotea. Hilo nalo lilikuwa ndani ya ujumbe uliotoka kwa Mungu.

Hapa ndipo wengi tunajikwaa. Tumesikia mahubiri kwamba ukiamini vya kutosha, meli haitazama. Paulo aliamini, akasema wazi mbele ya watu wote kwamba anamwamini Mungu na kwamba mambo yatakuwa vile vile alivyoambiwa (mstari wa 25). Na meli ikavunjika vipande vipande. Haikuvunjika kwa sababu imani yake ilipungua. Ilivunjika, na neno la Mungu likatimia.

Meli ni kile kinachokubeba. Inaweza kuwa kazi, duka, nyumba ya kupanga, mpango wa ndoa, hata nguvu za mwili huu. Ni vitu vizuri na tunaviombea. Lakini ukimfungia Mungu ahadi ambayo hakuitoa, siku meli itakapopasuka utasema Mungu ni mwongo, kumbe hukusikia vizuri alichosema. Angalia hata Paulo mwenyewe. Katika mstari wa 10 alisema anaona kwamba hata maisha ya watu yatapotea. Hayo yalikuwa maono ya mtu mwenye uzoefu wa bahari. Baadaye Mungu alisema jambo lingine, na Paulo akaliacha lake akashika la Mungu. Tupime kila mara: hili ninalolishikilia ni neno la Bwana, au ni hofu yangu, au ni hamu yangu?

Basi Mungu amemwahidi nini kila aliyeokoka? Amesema hatakuacha kabisa (Waebrania 13:5). Amesema hakuna awezaye kukupokonya katika mkono wa Kristo (Yohana 10:28). Amesema dhiki haiwezi kukutenga na upendo wake, wala njaa, wala hatari, wala mauti (Warumi 8:35–39). Amesema kazi njema aliyoianza ndani yako ataimaliza (Wafilipi 1:6). Hizo zishike kwa mikono yote miwili.

Hakumwahidi kila mmoja wetu kwamba shamba litarudi, au kwamba uponyaji utafika kabla ya mwezi kwisha. Anaweza? Anaweza kabisa, na katika kanisa hili tutaendelea kuomba kwa ujasiri. Wale vijana 3 katika Danieli 3:17–18 walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa na tanuru, na hata asipofanya hivyo, hawatasujudia sanamu. Imani yao ilibeba sentensi zote mbili. Yetu pia ibebe zote mbili.

3. Aliyeahidiwa bado ana kazi ya kufanya

Usiku wa 14, karibu usiku wa manane, mabaharia wakahisi nchi kavu iko karibu. Wakapima kina wakapata pima 20, wakaenda mbele kidogo wakapata pima 15. Ni kama kutoka mita 37 hadi mita 28. Wakaogopa miamba, wakatupa nanga 4 nyuma ya meli, wakangojea kupambazuke.

Hapo mabaharia wakafanya hila. Wakashusha mashua ndogo, wakajifanya wanakwenda kutia nanga za mbele, kumbe wanataka kutoroka. Paulo akamwambia akida na askari kwamba hawa wasipokaa ndani ya meli, ninyi hamwezi kuokoka.

Ngoja kidogo. Mungu si alikuwa amesema hakuna atakayepotea? Alisema. Na Paulo huyo huyo anasema bila mabaharia hamwezi kuokoka. Hakuna kupingana hapo. Mungu aliyeahidi mwisho mwema ndiye aliyewaweka mabaharia melini ili waiongoze mpaka ufuoni. Ahadi haikufuta kazi yao.

Kwa hiyo, mpendwa, ukiombewa sukari au presha au ugonjwa mwingine wowote, usitupe dawa. Endelea kumeza kama ulivyoelekezwa, nenda kliniki siku yako, na daktari akipima akasema umepona, njoo utoe ushuhuda tumshukuru Mungu pamoja. Luka aliyeandika mlango huu alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14), na hatusomi popote Paulo akimwambia aache kazi yake. Kama una deni, usizime simu ukisema unamngojea Bwana. Nenda benki au kwenye sacco uongee nao mapema kabla mambo hayajafika kwa dalali. Kama ni karo, nenda umwone mwalimu mkuu, mweleze hali. Huko nako ni kumwamini Mungu.

Na kuna kamba za kukata. Askari walikata kamba za ile mashua, wakaiacha ianguke. Mashua ni ile njia ya siri mtu anayoiweka pembeni, kwamba Mungu akichelewa nitapita hapa. Kuna anayechukua mkopo wa simu kulipa mkopo mwingine wa simu, kisha mwingine tena. Kuna anayebeti na pesa ya chakula akitumaini kurudisha zilizopotea. Kuna aliyepewa namba ya mganga na hajaifuta. Mashua hiyo inaonekana ni wokovu, lakini ingewaacha wengine wote melini bila msaada, yaani mke, watoto, na wazee wanaokutegemea. Kata kamba leo. Kama huwezi kuikata peke yako, mwite mzee wa kanisa akushikie kisu.

4. Kuleni chakula

Kulipokuwa karibu kupambazuka, Paulo akawasihi wote wale. Walikuwa wamekaa siku 14 katika mashaka bila kula vizuri. Kisha akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akaanza kula. Wengine wakachangamka, wakala nao. Luka anahesabu: walikuwa watu 276.

Kumbuka saa yenyewe. Bado giza. Upepo bado unavuma. Nchi kavu bado haijaonekana kwa macho. Paulo alishukuru hapo, mbele ya askari na wafungwa na mabaharia ambao usiku huo huo walijaribu kutoroka. Hakungoja afike ufuoni ndipo atoe shukrani.

Na tuseme ukweli: kukosa kula kwa sababu ya hofu si kufunga. Mfungo unautoa kwa Bwana kwa moyo wako. Hii nyingine ni mwili unaochoka kwa mawazo. Eliya naye alilala chini ya mti jangwani akaomba afe (1 Wafalme 19). Mungu hakuanza kumhubiria. Malaika alimwamsha ale mkate na anywe maji, akalala, akaamshwa tena akala. Mazungumzo ya kazi yalikuja baadaye.

Kwa hiyo ukimtembelea mwenye shida wiki hii, usiende na mistari peke yake. Beba unga, beba mboga, beba hata sabuni. Mpikie uji kisha ukae naye. Ombi litapata nafasi yake. Na kama ni wewe uliye na hali hiyo, na mawazo yamefika mahali unaona heri usiwepo, tafadhali usikae nayo peke yako usiku wa leo. Mwambie mchungaji, mwambie dada au kaka unayemwamini, na mkaende hospitali pamoja. Hakuna mtu hapa atakayekuhukumu. Eliya alikuwa nabii, na alipita hapo.

5. Wengine waliogelea, wengine walishika mbao

Kulipokucha waliona ghuba yenye ufuo, wakaamua kuipeleka meli huko. Ikakwama mchangani, sehemu ya mbele ikashika kabisa, na ya nyuma ikavunjwa na mawimbi. Askari wakataka kuwaua wafungwa wasije wakatoroka, lakini akida akakataa, kwa sababu alitaka kumwokoa Paulo. Akaamuru wanaojua kuogelea wajitupe kwanza. Waliobaki wakafuata, wengine juu ya mbao, wengine juu ya vipande vya meli. Na hivyo wote wakafika nchi kavu salama.

Wako watakaoogelea. Watapata kazi nyingine mwezi ujao, watasimama madhabahuni na ushuhuda mfupi mtamu. Tuwafurahie. Na wako watakaofika wameshika ubao, wamelowa, wanatetemeka, bila viatu. Ushuhuda wao ni kwamba wamefika. Usimdharau wa ubao, wala wewe wa ubao usijilinganishe na muogeleaji. Mungu alihesabu 276 na wote 276 walifika.

Tena angalia ubao wenyewe ulitoka wapi. Ulitoka katika ile meli iliyovunjika. Biashara imekufa, lakini ujuzi ulioupata humo haujafa. Kazi imekwisha, lakini wale watu uliowatendea mema wakiwa wenzako wa kazini bado wapo. Angalia ndani ya hasara yako kama hakuna kipande kinachoelea.

Kisiwa kile kilikuwa Malta. Hakikuwa katika mpango wa safari. Lakini wenyeji waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Paulo akamwombea baba yake Publio aliyekuwa na homa na kuhara damu, akapona, na wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja wakaponywa. Walikaa huko miezi 3, kisha wakasafiri kwa meli nyingine mpaka Rumi. Bwana alikuwa amemwambia Paulo zamani, Yerusalemu, kwamba atamshuhudia hata Rumi (Matendo 23:11). Katikati ya neno lile na kutimia kwake palikuwa na miaka 2 ya kifungo Kaisaria, dhoruba, na majira ya baridi kisiwani. Neno halikuzama.

6. Na yule tuliyemwombea akafa?

Swali hili liko mioyoni, na si vizuri kulikwepa. Tulikesha, tukafunga, tukampaka mafuta, na bado tukazika. Je, Mungu alishindwa?

Waebrania 11 inawataja waliozima nguvu za moto na wanawake waliopokea wafu wao wakiwa hai. Halafu, katika mstari wa 35, bila hata kubadilisha sauti, inawataja waliopigwa, waliofungwa, waliouawa kwa upanga. Mstari wa 39 unasema hawa wote walishuhudiwa kwa imani yao. Hakuna kundi la imani kubwa na kundi la imani ndogo. Wote wamo katika orodha moja.

Paulo huyu aliyeokolewa baharini, baadaye anamwandikia Timotheo kwamba wakati wake wa kuondoka umefika (2 Timotheo 4:6). Safari hii hategemei kutoka gerezani. Lakini katika mstari wa 18 anasema Bwana atamwokoa na kila neno baya na kumfikisha salama katika ufalme wake wa mbinguni. Paulo alijua kwamba hata Rumi haikuwa mwisho wa safari. Mwili huu nao ni meli. Siku moja utavunjika, wako na wangu. Aliye mali ya Kristo atafika ufuoni, na wale tuliowazika katika Bwana wametutangulia kufika. Tuna ruhusa ya kulia. Tulie kama watu wanaojua kwamba kuna ufuo.

Katika mstari wa 23 Paulo alimtaja Mungu kama yule ambaye yeye ni wake na ambaye anamtumikia. Hilo ndilo alilokuwa nalo usiku ule. Hakuwa na jua, hakuwa na nyota, wala hakuwa na uhuru. Alijua yeye ni wa nani. Kama wewe hujui ni wa nani, usingoje dhoruba ipite. Mpe Yesu maisha yako leo, humo humo melini.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi vya nyumbani

1. Katika shida unayopitia sasa, ni nini hasa Mungu ameahidi katika Neno lake, na ni nini wewe unatamani? Tenganisha mambo hayo mawili.
2. Ni kazi gani iliyo mbele yako ambayo umekuwa ukiikwepa kwa kusema unamngojea Bwana?
3. Kuna mashua yoyote ya siri ambayo kamba yake inahitaji kukatwa? Unaweza kumwambia mtu mmoja mnayeaminiana.
4. Ni nani katika eneo lenu hajala vizuri kwa sababu ya mawazo? Pangeni nani atakwenda, siku gani, na atabeba nini.

Ombi

Bwana Yesu, wewe unaona meli yetu na unaona mawimbi. Hatutajifanya kwamba hatuogopi. Tupe neno lako tulishike, tupe nguvu ya kufanya kazi iliyo mbele yetu, na tupe mkate wa leo. Wakumbuke waliofiwa, wenye madeni, wagonjwa, na wasiolala usiku. Kama meli itavunjika, usituache majini. Tufikishe. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo. Amina.